Nakala moja ilibaki ng'ambo: namna filamu bubu za zamani zilivyookoka

Familia iliyokimbia vita inalijua swali hili: ukiwa na dakika tano tu za kutoka nyumbani, unabeba nini? Wengine hubeba sufuria na blanketi, wengine hubeba vyeti vya shule vya watoto. Picha za arusi hubaki ukutani, kaseti hubaki katika sanduku, na mara nyingi hazionekani tena. Halafu miaka inapita, na siku moja shangazi aliyeolewa mbali anatoa picha ileile iliyopotea. Alikuwa amepewa nakala zamani, akaitunza bila kujua kwamba siku moja itakuwa ndiyo pekee.

Historia ya filamu za kwanza duniani, zile zisizo na sauti, inafanana sana na habari hiyo. Leo mtu anaweza kununua DVD ya filamu iliyotengenezwa Ujerumani au Ufaransa karibu miaka mia moja iliyopita, akaitazama nyumbani ikiwa safi, pamoja na muziki wake. Lakini si mara nyingi kampuni iliyoitengeneza ndiyo iliyoitunza. Mara nyingi filamu hiyo ipo kwa sababu nakala moja ilikuwa imetoka nyumbani, ikakaa ng'ambo mikononi mwa mtu aliyekataa kuitupa.

Filamu iliyokatwa

Tarehe 10 Januari 1927, mjini Berlin, wakaaji walijaa katika jumba la sinema la Ufa-Palast am Zoo. Walikuja kutazama "Metropolis", filamu ya Fritz Lang iliyoandikwa na mkewe Thea von Harbou. Kampuni ya Ufa ilikuwa imetumia zaidi ya marki milioni 5 kuitengeneza, fedha ambazo hakuna filamu ya Kijerumani iliyokuwa imewahi kula. Inasimulia juu ya mji wa siku zijazo: matajiri wanaishi juu katika bustani na majumba marefu, wafanyakazi wanaishi chini ya ardhi, wakihudumia mashine usiku na mchana.

Siku hiyo ya kwanza filamu ilikuwa na urefu wa mita 4,189, sawa na saa mbili na nusu hivi. Haikuleta fedha zilizotarajiwa. Kampuni ya Paramount ya Marekani, iliyokuwa na mkataba na Ufa, iliona ni ndefu mno na ngumu kuelewa. Ikamwajiri mwandishi Channing Pollock aifupishe na kuipangia maneno mapya. Mwaka huohuo Ufa nayo ikaiondoa filamu ndefu sokoni, ikarudisha fupi. Karibu robo nzima ilikatwa.

Waliokatwa si mapambo tu. Mfanyakazi mmoja katika filamu ile anaitwa kwa namba, 11811. Anabadilishana nguo na mtoto wa tajiri, anapanda gari lake, na kwa mara ya kwanza anaona taa na starehe za mji wa juu. Safari yake hiyo ilitupwa. Yule mtu mwembamba anayetumwa na tajiri kumpeleleza mwanawe alibaki akipita tu, bila mtazamaji kujua kazi yake. Kwa muda wa miaka themanini watu waliisifu "Metropolis" duniani kote, huku wakiwa hawajaiona yote.

Kwa nini nyingi zilipotea

Yaliyoipata "Metropolis" yalizipata filamu nyingi za wakati ule, na nyingine zilipatwa na makubwa zaidi. Maktaba ya Bunge la Marekani ilitoa utafiti mwaka 2013 juu ya filamu ndefu zisizo na sauti zilizotengenezwa na Wamarekani kati ya 1912 na 1929. Zilihesabiwa 10,919. Zilizobaki kama zilivyoonyeshwa mwanzoni, katika mkanda wa ukubwa wake wa asili, ni 1,575 tu, yaani asilimia 14. Zaidi ya theluthi mbili hazipo kabisa.

Sababu ya kwanza ni mkanda wenyewe. Hadi karibu mwaka 1951, filamu za kitaalamu zilipigwa juu ya mkanda wa nitrati. Ulitoa picha nzuri yenye mwanga, lakini unawaka upesi sana, na moto wake hauzimwi kwa maji, kwa sababu nitrati inapoungua inajitengenezea hewa yake. Hata usipowaka, ukikaa mahali pa joto na unyevu unaoza. Kwanza unanata, kisha unatoa povu, mwisho unageuka vumbi la rangi ya kahawia.

Sababu ya pili ni biashara. Kuanzia 1927 filamu zenye sauti zilipoingia sokoni, zile za kimya hazikuwa na mnunuzi tena. Ghala lilikuwa na gharama, na ndani ya mkanda kulikuwa na madini ya fedha yanayoweza kuyeyushwa na kuuzwa. Kampuni nyingi zilichagua kuyeyusha.

Wengine walichoma wenyewe kwa uchungu. Georges Méliès, Mfaransa aliyetengeneza filamu zaidi ya 500, pamoja na ile maarufu ya safari ya mwezini ya mwaka 1902, alifilisika. Mwaka 1923, alipolazimika kuacha mali yake ya Montreuil karibu na Paris, alitia moto mikanda yake ya asili. Filamu zake zinazotazamwa leo zilipatikana kwa sababu nakala zilikuwa zimekwisha kuuzwa kwa waonyeshaji wa maonyesho ya sokoni, zikasambaa Ulaya na Marekani. Aliyeziuza aliona anapoteza nakala, kumbe anaziweka akiba.

Mkebe wa Buenos Aires

Kabla "Metropolis" haijafupishwa, msambazaji mmoja kutoka Argentina, Adolfo Z. Wilson, aliiona na kununua nakala ndefu ili akaionyeshe kwao. Ilivuka bahari, ikaonyeshwa mwaka 1928. Baadaye ikaingia mikononi mwa Manuel Peña Rodríguez, mhakiki wa sinema aliyekuwa akikusanya filamu. Katika miaka ya 1960 mkusanyo wake ulipita katika mfuko wa taifa wa sanaa wa nchi hiyo.

Hapo likafanyika jambo lililookoa filamu na kuijeruhi kwa wakati mmoja. Watunzaji waliogopa moto wa nitrati. Wakanakili filamu kwenye mkanda mwembamba wa milimita 16, usio wa hatari, kisha mkanda wa asili ukaharibiwa. Kazi ilifanywa bila kusafisha. Kila mkwaruzo na kila tone la mafuta lililokuwa juu ya mkanda wa zamani lilipigwa picha na kuingia ndani ya nakala mpya. Nakala hiyo ikahamia Makumbusho ya Sinema ya Buenos Aires mwaka 1992, ikakaa katika mikebe yake.

Aliyetoa fununu alikuwa Salvador Sammaritano, kiongozi wa klabu ya sinema mjini humo. Alimsimulia mtafiti Fernando Martín Peña kwamba zamani, alipoonyesha "Metropolis", mkanda ulikuwa umejikunja, akalazimika kuubana kwa kidole kwenye mashine kwa zaidi ya saa mbili. Wengine wangecheka tu. Peña akaanza kuhesabu: nakala zote zilizojulikana zilikuwa fupi kuliko hapo. Kama kidole kilikaa zaidi ya saa mbili, basi filamu ile ilikuwa ndefu.

Kwa miaka mingi hakupata nafasi ya kuangalia. Mwaka 2008 Paula Félix-Didier alichukua uongozi wa makumbusho, na wawili hao wakafungua mikebe. Ndani yake walikuta safari ya mfanyakazi 11811, wakamkuta na yule mtu mwembamba. Félix-Didier akasafiri hadi Ujerumani akiwa na nakala kwenye DVD ili wataalamu wahakikishe. Mwezi wa Julai 2008 habari ikatangazwa duniani kote.

Kukarabati bila kudanganya

Taasisi ya Friedrich Wilhelm Murnau ya Ujerumani ndiyo iliyosimamia ukarabati. Sehemu safi zilitoka katika mikanda mizuri iliyokuwapo tayari. Sehemu zilizokosekana zilitoka Buenos Aires. Nakala nyingine iliyohifadhiwa New Zealand ilisaidia kwa vipande vichache. Ili kujua kila kipande kinakaa wapi, wataalamu walifuata karatasi za muziki wa Gottfried Huppertz, aliyetunga muziki wa filamu hiyo na kuandika juu ya nota ni tendo gani linaonekana wakati huo.

Mashine za kompyuta zilipunguza mikwaruzo, lakini hazikuweza kuimaliza. Basi walifanya uamuzi wa haki: waliacha makovu yaonekane. Mtu anayetazama filamu hiyo leo anaona picha safi, halafu ghafla picha inakuwa ya kijivu, ndogo kidogo, yenye mistari kama mvua. Hapo anajua bila kuambiwa kwamba sasa anatazama kile kilichotoka Argentina. Mahali ambapo hata Buenos Aires hapakuwa na kitu, kama pale tajiri anapopigana na mvumbuzi Rotwang, yamewekwa maandishi ya kueleza kilichokuwapo. Hawakubuni picha mpya kuziba shimo.

Tarehe 12 Februari 2010 filamu ilionyeshwa tena Berlin, ikiwa imeongezewa karibu dakika 25. Watu waliitazama pia nje, katika baridi, mbele ya lango la Brandenburg. Kabla ya mwaka huo kwisha, ilikuwa imetoka kwenye DVD na Blu-ray.

Kijana wa London na reli mbili

Habari ya Argentina isimfanye msomaji adhani kwamba kazi hii ni ya makumbusho peke yake. Huko London, kijana wa shule Kevin Brownlow alikuwa na mashine ndogo ya nyumbani ya kuonyeshea filamu za milimita 9.5. Aina hiyo ya mkanda ilitolewa na kampuni ya Pathé ya Ufaransa mwaka 1922 kwa ajili ya familia. Haukuwa wa nitrati, kwa sababu hakuna mzazi ambaye angekubali moto wa namna ile katika chumba cha kulia chakula.

Mwaka 1954 Brownlow alipata reli mbili za "Napoléon", filamu ya Abel Gance iliyoonyeshwa mara ya kwanza Paris mwezi wa Aprili 1927. Filamu hiyo nayo ilikuwa imekatwakatwa kila nchi kwa namna yake. Kijana akaona katika reli zake mbili ufundi ambao hakuwahi kuuona, akaanza kutafuta vipande vingine. Aliendelea kwa miaka na miaka, hata alipokuwa mtu mzima na mtengenezaji filamu mwenyewe. Alilinganisha kipande cha huku na cha kule, akavirudisha mahali pake.

Mwaka 1979 kazi yake ilionyeshwa usiku, nje, huko Telluride nchini Marekani. Gance alikuwa na umri wa miaka 89, akaitazama akiwa dirishani mwa hoteli. Mwaka 1980 ikaonyeshwa London pamoja na okestra na muziki wa Carl Davis. Gance alifariki mwaka uliofuata, akiwa ameona kazi yake ikirudi. Mwaka 2016 taasisi ya filamu ya Uingereza ikaitoa kwenye DVD na Blu-ray, ikiwa na urefu wa saa tano na nusu. Filamu iliyoanza kufufuka katika nyumba ya kijana ikarudi katika nyumba za watu.

Carl Theodor Dreyer hakupata bahati hiyo. Filamu yake ya mwaka 1928 juu ya mateso ya Jeanne d'Arc iliungua pamoja na mkanda wa asili mjini Berlin mwishoni mwa mwaka huohuo. Akaunganisha nyingine kutoka katika mabaki, na hiyo pia ikaungua. Alifariki mwaka 1968. Mwaka 1981, katika kabati la hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dikemark, karibu na Oslo nchini Norway, ikapatikana mikebe yenye nakala ya filamu ya kwanza. Tangu 1999 inapatikana kwenye DVD.

Diski kwenye rafu

Wakusanyaji wa nyumbani wamebadilisha vyombo mara nyingi. Baada ya milimita 9.5 zilikuja 8 na 16. Huko Iowa, Marekani, kampuni ya Blackhawk Films iliuza kwa posta filamu za Charlie Chaplin, Laurel na Hardy na wengine, mtu akajionyeshea sebuleni. Zikafuata kaseti za VHS katika miaka ya 1970, DVD mwishoni mwa miaka ya 1990, na Blu-ray mwaka 2006. David Shepard, aliyefanya kazi Blackhawk, ndiye baadaye aliyetayarisha DVD nyingi za filamu bubu ambazo wakusanyaji wanazithamini hadi leo.

Wakusanyaji hao hawanunui kila diski yenye jina maarufu. Filamu nyingi za zamani hazina mwenye haki tena, kwa hiyo yeyote anaweza kunakili kaseti mbovu na kuiuza kwa bei rahisi. Mkusanyaji makini anauliza maswali matatu. Picha imetoka katika mkanda gani? Urefu wake unakaribia ule wa siku ya kwanza? Na inakwenda kwa mwendo gani? Swali la tatu lina maana yake. Kamera za kwanza zilizungushwa kwa mkono, mara nyingi picha 16 hadi 20 kwa sekunde. Mashine za filamu zenye sauti zinakwenda picha 24. Ukionyesha ya zamani kwa mwendo wa sasa, watu wanakimbia kama kuku, msiba unageuka kichekesho. Watu wengi wanaodhani kwamba wazee wa zamani walikuwa wakirukaruka wamedanganywa na mashine.

Diski yenyewe haidumu milele. Inakwaruzika, na vyombo vya kuisoma vinapungua madukani. Lakini nakala elfu katika nyumba elfu haziwezi kuungua siku moja. Ghala moja linaweza.

Picha za Kongo zilizoko Brussels

Habari hii inaigusa Kongo moja kwa moja. Katika miaka ya 1920, Mbelgiji Ernest Genval alizunguka Kongo na kamera, akapiga filamu zisizo na sauti juu ya reli, migodi, mashamba na vijiji. Mwaka 1927, mwaka uleule wa "Metropolis" na "Napoléon", alitoa filamu juu ya Kongo "inayoamka". Genval mwenyewe alikufa mwaka 1945 katika kambi la mateso la Dachau. Filamu zake zilitunzwa, na mwaka 2010 hifadhi ya filamu ya Brussels, Cinematek, ilitoa DVD zenye kazi zake pamoja na za Gérard De Boe na André Cauvin, waliopiga Kongo baada yake.

Filamu hizo zilitengenezwa kuusifu ukoloni. Zinaonyesha mzungu akiamuru na Mkongo akibeba. Kiboko hakionyeshwi kama alivyokijua aliyepigwa. Watu wengi wanaoonekana hawatajwi majina, kama yule mfanyakazi wa "Metropolis" aliyejulikana kwa namba. Hata hivyo ni nyuso za watu walioishi. Yule anayesukuma toroli, yule mama anayegeuka kutazama kamera, ni babu na bibi wa mtu fulani aliye hai leo Katanga, Kivu au Kasai. Ukoo wake haujui kwamba picha ipo, na waliotunza picha hawajui ukoo.

Ndiyo tofauti kati ya Kongo na Argentina. Argentina ilitunza kitu cha wengine, na siku moja ikakirudisha kwa mwenyewe. Picha za Wakongo wa zamani zimetunzwa na wengine, na kurudi kwake bado ni nusu. DVD inaweza kufika Bukavu au Lubumbashi katika mfuko wa msafiri. Lakini anayeweza kusema "huyu ni fulani, na hapa ni mahali fulani" ni mzee wa hapa, na wazee hao wanapungua kila mwaka.

Kile ambacho familia inaweza kufanya

Mkanda wa Buenos Aires haukuokolewa na utajiri. Uliokolewa kwa sababu ulikuwa mbali na Berlin, kwa sababu mtu mmoja aliupenda, na kwa sababu mzee wa klabu alisimulia habari ya kidole chake na kijana akamsikiliza. Mambo hayo matatu hayahitaji makumbusho.

Familia iliyoko kambini au kwa jamaa waliowapokea, na ambayo bado ina picha, kaseti ya ndoa au sauti ya marehemu katika simu, inaweza kutuma nakala kwa ndugu walio mbali: mmoja Kisangani, mwingine Kampala, mwingine Ulaya. Isiwe katika simu moja tu, wala mikononi mwa mtu mmoja tu. Nyuma ya picha, au katika ujumbe unaoisindikiza, yaandikwe majina, kijiji na mwaka. Picha isiyo na jina, baada ya miaka hamsini, itakuwa kama zile za Genval: uso unaotazama, na hakuna anayeweza kuuitikia.

Na kama nakala iliyobaki ni chafu, yenye mikwaruzo, isitupwe kwa kungoja iliyo nzuri. Dakika zile 25 za "Metropolis" zina mistari tangu mwanzo hadi mwisho, na watu walisimama katika baridi ya Berlin kuzitazama.